Sauti Safi ni Haki ya Nani?

Ukitaka kujua kama mtu anapenda nyimbo au anapenda mashine, mwombe akupigie kitu. Mwenye kupenda nyimbo atakutajia jina la mwimbaji. Mwenye kupenda mashine atakutajia jina la spika. Ndivyo tulivyozoea kuwapima watu hawa, na tukishawapima huwacheka. Mtu mzima, mwenye watoto wa kusomesha, ananunua waya wa spika kwa bei ya mbuzi, kisha anajifungia chumbani, macho kayafumba, akirudia santuri moja mara tatu apate kujua kama matari yamelia upande wa kulia au wa kushoto! Huyo, watu husema, hakuusikia wimbo wenyewe hata mara moja katika hizo mara tatu.

Mimi kicheko hiki sikikubali, na hao wanaochekwa pia nina neno nao. Naona swali lenyewe limeulizwa vibaya. Watu huuliza: huyu anasikiliza muziki au anasikiliza sauti? Wangeuliza kwanza: sauti safi inamfaa nani? Mifano yangu ya kwanza naitoa Embu na Meru, wala msomaji wa Mombasa au Lamu asione kuwa namchukua mbali. Miraa ya Igembe hufika barazani kwetu kila siku (hukumu yake nawaachia masheikh), kwa hiyo watu wa huko si wageni wetu.

Mjini Embu, karibu na kituo cha magari, yupo fundi wa redio ambaye huunda pia masanduku ya spika. Nilikuwa bandani kwake mchana mmoja nikingoja mvua ikatike. Dereva wa matatu alikuwa ameleta woofa yake izidishwe besi, na mwalimu mmoja mstaafu alikuja kutafuta sindano ya mashine yake ya santuri. Haikuchukua muda wakaanza kushindana.

"Mwalimu," alisema dereva, "hiyo yako ni ya mtu mgonjwa. Muziki usipokugonga kifua hujausikia."

"Kinachokugonga wewe ni upepo," akajibu mwalimu. "Muziki ulishuka garini kitambo."

Fundi akanigeukia. "Ustadh, wewe ni mtu wa Mombasa. Hebu waamue hawa wawili."

Sikuwaamua, ila niliona jambo. Dereva alitia fleshi, ukatoka wimbo wa zamani wa Joseph Kamaru. Besi ilikuwa nzito hata bati la paa likatetemeka, na maneno ya mwimbaji yakazama humo kama jiwe kisimani. Lakini dereva alikuwa akiimba pamoja naye neno kwa neno, na mahali pengine alimtangulia. Kamaru aliimba Kikuyu, na Mwembu hukielewa bila ya mkalimani. Mwalimu kwa upande wake alitusimulia santuri zake za Kongo, jinsi magitaa yanavyopokezana, lipi liko mbele na lipi liko nyuma. Fundi akamwuliza nyimbo hizo zasema nini. Mwalimu akacheka: "Kilingala sijui hata salamu."

Basi yule tuliyemdhania mpenda kelele ndiye aliyekuwa na wimbo mzima kifuani, na yule muungwana wa sauti safi hakuwa na neno hata moja. Mwepesi wa kuhukumu angesema hapo hapo kwamba dereva ndiye mpenzi wa muziki na mwalimu ni mpenzi wa mashine. Mimi nasema ngoja. Dereva hakuhitaji mashine impe maneno, kwa kuwa anayo. Aliyapata utotoni, garini, harusini, hajui hata ni wapi. Mashine alitaka impe kile asichoweza kujipa mwenyewe, nacho ni mtetemo. Mwalimu hana maneno, hana ila sauti, na sauti hiyo ikiharibika hana kitu tena. Anayeujua wimbo anaweza kuvumilia mashine yoyote. Asiyeujua ndiye mwenye haja ya mashine njema.

Kuna kisa cha kweli kutoka upande wa Kericho kinachoonyesha jinsi asiyejua anavyojazia mwenyewe. Mwaka 1950 Hugh Tracey, mzungu aliyezunguka Afrika akirekodi nyimbo, aliwarekodi wasichana wa Kipsigis wakiimba juu ya kiumbe waliyemwita Chemirocha. Huyo Chemirocha alikuwa ni Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani aliyefariki mwaka 1933, ambaye sauti yake ilifika huko katika santuri. Watu walisikia sauti itokayo kwenye kisanduku kwa lugha wasiyoijua, na kutokana na sauti hiyo wakamfanya nusu mtu na nusu swala. Sisi leo tunawasikia wasichana wale waziwazi, zaidi ya miaka 70 baadaye, kwa sababu Tracey alibeba mashine nzuri na alijua kuitumia. Lau angekuja na mashine mbovu, nasi tungewapa pembe na kwato.

Turudi kwetu pwani, maana hapa ndipo penye ushahidi mwingi. Katika miaka ya 1970 na 1980, ukitaka taarabu mjini Mombasa ulikwenda Mbwana Radio Service ukatoka na kanda. Kanda hiyo ilikwenda nyumbani, akaja jirani akaiazima akatoa nakala yake. Shemeji yake wa Malindi akatoa nakala ya nakala. Na iliyofika Lamu ilikuwa mjukuu wa kilembwe. Utepe wa kanda una mvumo wake, na kila nakala huurithi mvumo wa mama yake na kuongeza wa kwake. Mwisho wake unasikia kitu kama mvua juu ya makuti, na ndani ya mvua hiyo, mbali sana, yupo Juma Bhalo.

Wazee barazani walikuwa wakiisikiliza kanda kama hiyo na kutoa machozi. Walisikia nini? Walisikia shairi walilolijua tangu zamani. Kumbuka kuwa katika nyimbo nyingi za Bhalo mahadhi yalikuwa ya filamu za Kihindi, na kilichokuwa chetu kabisa ni maneno, mengi yake yakiwa yametungwa na Ahmad Nassir, mshairi asiyetupa neno ovyo. Mzee aliyeyashika maneno yale alihitaji kukumbushwa tu. Kanda ilimgusa bega, na mengine aliyatoa mwenyewe. Lakini mjukuu wake aliyeketi kando aliuliza: "Babu, anasema nini?" Na mara nyingi babu alijibu: "Nyamaza, sikiliza."

Asikilize nini? Hakuna cha kusikiliza! Mjukuu yule hakukosa adabu wala hakukosa mapenzi ya utamaduni. Alikosa herufi. Tukamwona akienda zake kwenye nyimbo za Marekani zilizorekodiwa kwa ufundi, kila neno limekaa mahali pake, tukasema vijana wamepotoka.

Mambo ya herufi sisi tuliosoma chuoni tunayajua vizuri. Mtoto hukaa mbele ya maalimu miezi na miezi akitenganishwa sini na swadi, thaa na sini, dhali na zai, mpaka ulimi unyooke. Tofauti za sauti hizi nyingi hukaa juu, kwenye mitetemo myembamba. Simu ya kawaida ya zamani haikupitisha kitu kilicho juu ya mitetemo kama 3,400 kwa sekunde, na ndiyo sababu ulipotaja jina lako uliulizwa ni S au ni F. Sikio la kijana hufika karibu na mitetemo 20,000. Mtu wa umri wangu ashukuru akifika 12,000, nami nacheka kimoyomoyo ninapowaona wenzangu wa hamsini na kitu wakinunua kwa fedha nyingi spika zenye kutoa sauti ambazo wanaozisikia ni wajukuu na paka.

Sasa, Kurani si muziki, wala sitaki nifahamike hivyo. Nauchukua mfano wake kwa upande wa sikio tu. Wanazuoni wamejadiliana tangu zama za kale juu ya msomaji anayevuta mahadhi na msikilizaji anayefuata mahadhi akaacha maana. Sote tumewahi kumwona mtu akisikiliza kisomo cha Abdul Basit Abdus Samad, Mola amrehemu, akiguta "Allah!" kwa urefu wa pumzi, na ukimwuliza ni sura gani hajui. Huyo ni ndugu yake mwalimu wa Embu na santuri zake za Kilingala. Misri ilipoamua kurekodi Kurani nzima, kwa fikra ya Labib al-Said, kazi alipewa Sheikh Mahmoud Khalil al-Husary, naye akaisoma kwa tartili, pole pole, kila herufi ikitoka mahali pake. Santuri zake zilitoka mwaka 1961. Hazikukusudiwa kumfurahisha hafidhi, kwani hafidhi anayo yote kifuani. Zilikusudiwa kumfaa yule asiye na mwalimu karibu naye, na mtoto ambaye bado hajazaliwa. Kwa ajili ya hao, usafi wa sauti haukuwa anasa. Ulikuwa ni sharti.

Huo ndio msingi wa maneno yangu. Sauti safi ni haki ya asiyekuwepo: mgeni asiyeijua lugha vizuri, mtoto, na mtu wa kesho. Mwenye wimbo wake anaweza kuiacha, lakini hana ruhusa ya kuwaachia na hao wengine.

Kuna muziki ambao hata mwenyewe hawezi kuujazia kwa kukumbuka, na mfano wake bora uko kwenye barabara ile ile itokayo Embu kwenda Meru. Ukipita Runyenjes unafika Chuka, ambayo zamani ilikuwa katika wilaya ya Meru na sasa ni ya kaunti ya Tharaka-Nithi. (Tharaka ndiko alikozaliwa mshairi Kithaka wa Mberia, ambaye diwani yake moja inaitwa "Redio na Mwezi". Mashairi yake hayashiki vina na mizani, na sisi watu wa arudhi tuna ugomvi wetu naye, lakini leo si siku yake.) Wapigaji ngoma wa Chuka wana sifa Kenya nzima. Ngoma zao ni ndefu, za mti uliowambwa ngozi. Mpigaji huibana baina ya mapaja, akainama, akaipiga kwa mikono huku mwili wote unakwenda. Huimba pia, lakini anayekwenda kuwaona Wachuka haendi kwa ajili ya maneno. Huenda kwa ajili ya pigo lenyewe: ngozi inavyoitika katikati na inavyoitika ukingoni, na jinsi ngoma kumi zinavyokuwa ngoma moja, kisha zinavyoachana.

Hapo niambie, ndugu msomaji, nani anasikiliza muziki na nani anasikiliza sauti? Ngoma ya Chuka ukiiondolea sauti yake hukubakiza kitu kiitwacho muziki. Irekodi kwa simu ya mkononi uone. Simu imetengenezwa kwa ajili ya mazungumzo. Pigo kubwa likija, hushtuka na kujipunguza yenyewe, pigo likipita hujiinua tena, na matokeo yake ngoma inahema kama mgonjwa wa pumu. Kisha kispika cha simu, kidogo kama shilingi, hakiwezi kutoa sauti nzito za chini. Unachokipata ni mtu anayegonga meza. Na mimi naambiwa na vijana kwamba wameshaihifadhi ngoma ya Chuka kwa sababu wanayo katika simu!

Yule dereva wa Embu, na woofa yake, angekuwa wa kwanza kuikataa hiyo ngoma ya simu. Kifua chake kingemwambia haikugonga. Kwa hiyo msimdharau. Besi yake ni namna ya kusikia, na kwa ngoma ni namna sahihi. Kosa lake ni kuitia besi hiyo hiyo juu ya mtu anayezungumza, kwani Kamaru alikuwa mtu wa maneno: mithali, mafumbo, siasa. Kumfunika Kamaru kwa besi ni sawa na kumfunika khatibu kwa zumari.

Kisa cha Kamaru kina tamati inayonipendeza zaidi kuliko yote niliyoyasema. Alizaliwa Kangema, Murang'a, mwaka 1939, akaimba kwa miongo mingi, akafariki Oktoba 2018. Ana mjukuu mwenye jina lake kamili, Joseph Kamaru, ambaye ulimwengu unamjua kwa jina la KMRU. Mjukuu huyu haimbi. Yeye kazi yake ni sauti: hutembea na kinasa sauti akichukua mivumo ya mji na ya maumbile, akaitandaza ikawa kitu cha kusikilizwa kwa utulivu, na albamu yake "Peel" ya mwaka 2020 ilisikilizwa sana Ulaya, ambako amefanya makao. Mzee wa baraza akielezwa kazi hiyo atauliza, "Sasa wimbo uko wapi?" Huyu ndiye yule tunayemcheka, mpenda sauti asiye na wimbo. Na huyu huyu ndiye aliyekaa akazikusanya rekodi za babu yake na kuzitoa upya kwa njia ya intaneti. Sikio lililozoea kusikiliza mvumo wa waya za umeme ndilo linaloweza kutambua kwamba katika santuri hii ya babu kuna gitaa lililozama, na kwamba linaweza kuopolewa.

Hapa ndipo nilipo na neno na wapenzi wa sauti safi wenyewe, wa Meru, wa Nairobi na wa Mombasa pia, maana wako. Mnazo mashine. Mnayo masikio. Mnayo subira ambayo sisi wengine hatuna. Lakini mashine hizo mnazijaribu kwa nini? Kwa santuri za Marekani na Uingereza ambazo zimekwisha safishwa na watu waliolipwa, ambazo haziko katika hatari yoyote, zimehifadhiwa katika maghala na kuchapwa upya kila baada ya miaka michache. Mwenye darubini kali anaitumia kutazama taa ya jirani! Siti binti Saad alivuka bahari mwaka 1928 kwenda Bombay kuimba katika santuri za His Master's Voice, upande mmoja wa santuri ukiwa dakika tatu tu. Santuri hizo zikivunjika hazirudi, na katika nyumba ngapi zimevunjika? Nyimbo za harusi za Kimeru na za Kiembu zilizorekodiwa kwa redio kaseti na mjomba aliyeketi mbele ziko ndani ya masanduku chini ya vitanda. Zetu ziko katika joto na unyevu wa pwani, ambavyo ni adui wa utepe. Zao angalau ziko kwenye baridi ya mlima.

Redio nazo haziwezi kutusaidia peke yake. Leo Mmeru ana Muuga FM, Mwembu ana Wimwaro FM, sisi tuna Bahari FM, na zote tatu zimetoka katika kampuni moja. Ni neema, kabla ya miaka ya 1990 kufika katikati, hewa yote ya Kenya ilikuwa ya serikali. Mawimbi ya FM hupitisha sauti hadi mitetemo 15,000, kiasi cha kutosha kabisa kwa sini na swadi. Lakini redio hupitisha kile ilichopewa. Ikipewa mjukuu wa kilembwe wa kanda, itautangaza ule mvumo wa mvua kwa uaminifu mkubwa.

Nitakalo ni jambo dogo, na fundi yeyote atakwambia linawezekana. Kila mwenye mashine nzuri na achukue sanduku moja la kanda, liwe la nyumbani kwao au la jirani, azipige mara moja tu kila moja. Asifute kichwa cha mashine kwa kitambaa kikavu, bali kwa pamba na spiriti. Akinyooshe kile kichwa mpaka herufi za s zisikike kali, kwa sababu kikiinama kidogo tu sauti nyembamba ndizo zinazokufa mbele. Airekodi bila kuibana. Ile MP3 ndogo aitoe baadaye kwa ajili ya kutumiana simuni, lakini ya asili aiache kamili. Asiongeze besi. Asiondoe mvumo wote, maana wanaouondoa wote huondoa na pumzi za mwimbaji. Kisha amwite mzee mmoja, amuulize nani anaimba, ni harusi ya nani, na maneno yanasemaje, ayaandike.

Na waanze na zile kanda za dakika 120. Utepe wake ni mwembamba kuliko wa zile za dakika 60, na ndio unaokatika kwanza.